MZIGO WA MFALME NAO UPITE NA KARATASI

Ndugu wanachama wa Busia na Malaba,

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini chama cha wafanyakazi kijitie katika habari za wafalme na matangazo ya redio. Mmesema: "Sisi habari zetu ni mishahara, saa za kazi, foleni ya malori na vyoo vya yadini. Mfalme wa Uingereza atuhusu nini?" Swali hili ni jema na lastahili jibu. Mfalme mwenyewe hatuhusu sana. Lakini redio na televisheni ya taifa yatuhusu, maana ni mali yetu, na fedha zinazotumiwa kumtangaza mfalme ni fedha zetu. Tena wanaobeba kamera na kuvuta nyaya ni wafanyakazi kama sisi. Kwa hiyo halmashauri yenu imeona vema kueleza maoni yake, ili mpate kuyazungumza katika mkutano ujao wa tawi.

KISA CHENYEWE

Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles wa Tatu na Malkia Camilla walifika Kenya, wakakaa mpaka tarehe 3 Novemba. Ilikuwa ziara yake ya kwanza katika nchi ya Jumuiya ya Madola tangu apate ufalme. Alipokewa Ikulu, akaenda Uhuru Gardens, akaenda makaburi ya vita ya Kariokor. Kisha akateremka Mombasa, akawaona wanamaji wa Mtongwe na ngome ya Fort Jesus. Malkia alipokwenda kuwatazama punda waliookolewa katika mateso, picha zilizunguka dunia nzima. Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC, ndilo redio na televisheni ya taifa, na kazi ya kuwafikishia wananchi mambo ya namna hiyo ni yake.

Hatusemi kwamba ziara ile haikustahili kutangazwa. Mgeni ni mgeni, na sisi watu wa mpakani tunajua kupokea wageni. Tena mambo yaliyosemwa yalikuwa mazito. Usiku wa tarehe 31, katika karamu ya Ikulu, Mfalme alisema kwamba ukatili waliotendewa Wakenya walipopigania uhuru wao haukuwa na udhuru wowote, akaeleza huzuni na majuto, lakini hakuomba radhi. Ilikuwa haki ya kila Mkenya kusikia kwa masikio yake mwenyewe yale aliyoyasema na yale aliyoyaacha.

Kadhalika Kariokor. Jina hilo latoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa ugonjwa na njaa. Hao walikuwa wachukuzi wa mizigo, kazi ileile inayowalisha wanachama wetu wengi pale Malaba. Kama redio ya taifa ingekaa kimya siku ya kuwakumbuka hao, sisi tungekuwa wa kwanza kulalamika.

Basi neno letu si "msitangaze." Neno letu ni hili: "Tangazeni, kisha toeni hesabu."

SHERIA YA MPAKANI

Ndugu, sisi sote tunaishi kwa sheria moja hapa. Hakuna mzigo unaopita bila karatasi. Dereva akifika na kontena kutoka Mombasa, karatasi zake huangaliwa moja moja. Mama mwenye kreti za nyanya au gunia la omena naye hupita kwa afisa. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipofunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, ukaguzi hufanywa mahali pamoja, lakini karatasi haikuondolewa. Hata mfanyabiashara mdogo ambaye bidhaa zake za Afrika Mashariki hazizidi dola 2,000 amewekewa hati yake nyepesi ya kujaza. Ni nyepesi, lakini ni karatasi.

Na neno bodaboda, linalotumiwa leo Afrika Mashariki yote, lilizaliwa hapahapa kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Kila aliyepata kupanda bodaboda anajua desturi: nauli hutajwa kabla ya kupanda. Usipouliza, utaambiwa ukifika, na hapo huna la kusema.

Sasa twauliza. Ikiwa mama wa omena huulizwa thamani ya gunia lake, kwa nini shirika la umma lisiulizwe thamani ya siku nne za matangazo ya kifalme? Hesabu za mwaka za mashirika ya serikali hupangwa kwa mafungu makubwa: mishahara, safari, matengenezo, umeme. Gharama ya sherehe moja hugawanyika ikaingia katika mafungu yote hayo, kama sukari katika chai. Mwananchi akitaka kuiona haioni.

VIKIELEA, VIMEUNDWA

Wazee wamesema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha ya mfalme akishuka katika gari huonekana kitu chepesi. Lakini nyuma yake pana watu na vitu vingi. Pana gari la matangazo lenye mitambo, na dereva wake. Pana wapiga picha kadhaa, maana kamera moja haitoshi kufuata msafara. Pana fundi wa sauti, fundi wa umeme, jenereta na mafuta yake. Pana malipo ya njia ya setilaiti, kila dakika ina bei yake. Pana malazi na posho ya wale waliopelekwa Mombasa. Pana saa za ziada za wale waliobaki studioni mpaka usiku. Wote hao ni wafanyakazi, na jasho lao lina bei.

Pia iko gharama isiyoandikwa. Gari la matangazo likiwa Mombasa haliwezi kuwa Budalang'i. Mto Nzoia unapofurika, watu wetu wa Budalang'i katika kaunti hii ya Busia hupanda juu ya tuta na vyombo vyao, nao hungoja taifa lisikie habari zao. Mwenye vifaa vichache huchagua pa kuvipeleka. Hatusemi kwamba alichagua vibaya. Twasema tu kwamba ni uchaguzi, na mwenye mali ana haki ya kuujua.

Tena lazima ijulikane fedha zimetoka mfuko gani. Mifuko ni minne. Wa kwanza ni mfuko wa KBC yenyewe. Wa pili ni mfuko wa wizara au ofisi ya serikali iliyoagiza kazi. Wa tatu ni mfuko wa wafanyabiashara wanaolipia matangazo yao. Kila mfuko una masharti yake: anayelipa huwa na sauti. Ikiwa wizara ndiyo iliyolipa, mtangazaji atathubutu kumuuliza waziri swali gumu siku hiyo? Mfuko wa nne ndio mbaya kuliko yote, nao ni mfuko wa mfanyakazi mwenyewe. Saa za ziada zisipolipwa, posho ikicheleweshwa, basi aliyegharimia sherehe ni mpiga picha na watoto wake.

HALI YA NYUMBA INAYOANDAA KARAMU

Twayasema haya kwa sababu KBC si nyumba ya tajiri. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimesema zaidi ya mara moja kwamba madeni ya shirika hilo yanazidi mali zake. Sehemu kubwa ni mkopo wa Kijapani uliochukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo mipya, ambao umezaa riba mwaka baada ya mwaka. Watumishi wake wamelalamika hadharani kuhusu mishahara inayochelewa. Kila mwenye mshahara mdogo ajua maana yake: karo ya shule, kodi ya nyumba, deni la dukani.

Mwezi Machi 2024 serikali iliagiza wizara na mashirika yake yote yapeleke matangazo yao ya kulipia KBC peke yake. Agizo hilo lilipingwa mahakamani. Sisi hatuingii katika ugomvi wa wenye magazeti na serikali. Lakini jambo moja laonekana wazi. Mwenye kutaka fedha zote za matangazo ya serikali zipite mlangoni pake, lazima akubali milango na madirisha yawe wazi.

REDIO HII ILITOKA WAPI

Vijana wetu wapaswa kujua kwamba haikuwa yetu tangu mwanzo. Redio ilianza Kenya mwaka 1928, ikawa ya walowezi wakitaka habari za London. Mfalme George wa Sita alipokufa tarehe 6 Februari 1952, binti yake Elizabeth alikuwa Nyeri, katika ardhi yetu, akawa malkia akiwa hapa. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, ikatangazwa hali ya hatari. Elizabeth alipovikwa taji tarehe 2 Juni 1953, London ilikuwa katika shangwe, na huku Kenya watu walikuwa kizuizini na porini. Hakuna aliyemuuliza mchukuzi wa Malaba kama sherehe ile ilikuwa na thamani gani kwake. Redio ilikuwa sauti ya Gavana.

Vyama vya wafanyakazi vilikwisha sema mapema. Mwaka 1950 Nairobi ilipopewa hati ya kifalme ya kuwa jiji, Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi vya Afrika Mashariki, wa akina Fred Kubai na Makhan Singh, uliwaambia wafanyakazi wasiingie katika sherehe zile. Waliona hakuna jambo la kushangilia kwa mtu anayelala watu wengi chumba kimoja. Mwezi Mei mwaka ule viongozi hao wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakafanya mgomo mkuu. Twakumbuka majina yao kwa heshima.

Leo hali ni nyingine. KBC iliundwa mwaka 1961, ikafanywa Sauti ya Kenya mwaka 1964 baada ya uhuru, ikarudishiwa jina lake kwa sheria ya mwaka 1989. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 34, yasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua matangazo yao, visipendelee upande, na vitoe nafasi kwa maoni mbalimbali, hata yanayopinga. Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 201 chataka uwazi katika fedha za umma. Basi hatuhitaji kususia sherehe kama mwaka 1950. Wakati ule wafanyakazi hawakuwa na kura wala katiba. Sisi tunazo, na kazi yetu ni kuzitumia.

TUTAZAME UINGEREZA KWENYEWE

Huenda mtu akasema kwamba ni aibu kumhesabia mgeni chakula alichokula. Haya, tutazame nyumbani kwa mgeni mwenyewe. Malkia Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba 2022. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mazishi na maombolezo yake yaligharimu pauni milioni 162. Mfalme Charles alivikwa taji tarehe 6 Mei 2023, na baadaye serikali ikatangaza kwamba gharama yake ilikuwa pauni milioni 72. Kama Waingereza wanaweza kuhesabu jeneza la malkia wao na taji la mfalme wao, sisi tutaogopaje kuhesabu mafuta ya jenereta?

Lakini hata kwao kuna tundu. Redio na televisheni yao, BBC, huendeshwa hasa kwa ada inayolipwa na kila nyumba yenye kutazama televisheni. Hata hivyo sheria yao ya mwaka 2000 ya kupata habari huiruhusu BBC kuzuia habari zinazohusu kazi yake ya uandishi na utangazaji. Kwa hiyo mlipa ada akiuliza sherehe fulani iligharimu kiasi gani kutangazwa, mlango huo waweza kufungwa usoni pake. Mumewe Malkia, Philip, alipofariki mwezi Aprili 2021, BBC iliacha vipindi vyake vingi ili kutangaza msiba huo tu, na malalamiko 109,741 yakapelekwa. Watu wale hawakuwa maadui wa msiba. Walikuwa wenye mali wakiuliza mali yao imetumiwaje.

Tena sikilizeni jambo la wafanyakazi. Tarehe 29 Septemba 2022, wiki tatu tu baada ya kifo cha Malkia, BBC ilitangaza kwamba kazi 382 zingeondolewa katika idhaa zake za dunia, na redio ya lugha kumi, Kiarabu na Kihindi zikiwamo, ingefungwa. Sababu waliyoitoa ni ada kuzuiwa isipande na bei za vitu kupanda. Hatusemi kwamba mazishi ndiyo yaliyowanyang'anya watu hao kazi, maana hatuna ushahidi, na chama cha wafanyakazi hakisemi bila ushahidi. Twasema tu kwamba mfanyakazi aliyepewa barua ya kuondoka ana haki ya kuona vitabu vyote viwili, kile cha sherehe na kile cha mishahara, avilinganishe mwenyewe.

WAFALME WA JIRANI

Ndugu, msidhani jambo hili ni la Waingereza tu. Mpaka huu tunaoulinda kwa karatasi ulichorwa na wakoloni. Mpaka mwaka 1902 nchi yetu hii ilihesabiwa kuwa Uganda. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vilevile, nao wana Emorimor wao. Huku Mumias, safari fupi kutoka hapa, Wanga wana Nabongo wao. Wiki mbili baada ya Mfalme Charles kuondoka Kenya, tarehe 18 Novemba 2023, Kyabazinga wa Busoga, William Gabula Nadiope wa Nne, alifunga ndoa na Jovia Mutesi katika kanisa kuu la Bugembe, Jinja. Madereva wetu hupita Bugiri, Iganga na Jinja kila siku, na habari za harusi ile ziliijaza njia nzima.

Furaha ya Wasoga ni haki yao, nasi twawapongeza. Lakini Shirika la Utangazaji la Uganda nalo ni mali ya umma, kwa sheria ya mwaka 2005. Basi kanuni ni ileile, kiti kikiwa kikubwa au kidogo, cha London au cha Jinja. Wenye sherehe washerehekee, watangazaji watangaze, na umma uonyeshwe hesabu. Tukidai kwa mfalme wa kigeni tu na kuwaachia wa kwetu, tutakuwa tunatafuta ugomvi wala si haki.

MAJIBU KWA WAPINZANI

Wapo watakaosema kwamba kumtangaza mfalme huleta watalii na jina jema kwa nchi. Huenda ni kweli. Mwenye duka naye husema kwamba rangi mpya ukutani huleta wateja, lakini huandika bei ya rangi katika daftari lake.

Wapo watakaosema kwamba gharama yenyewe ni ndogo, haina haja ya kelele. Kama ni ndogo, ni rahisi kuionyesha.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni siri ya biashara au usalama. Ni kweli Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imetaja mambo yanayoweza kuzuiwa, kama usalama wa taifa na siri za biashara. Hatutaki kujua mfalme alilala chumba gani wala walinzi wake walisimama wapi. Posho ya fundi na lita za mafuta si siri ya taifa.

Pingamizi la nne ndilo la maana, na wenzetu wa redio wenyewe ndio walilitoa. Wanaogopa kwamba serikali ikipewa nafasi ya kuhesabu, itapata na nafasi ya kuamuru nini kitangazwe. Hofu hiyo tunaielewa. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa barabarani, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vyote viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, vingine vikazimwa, mpaka Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku ileile. Kwa hiyo twasema wazi: hatutaki mtu yeyote aweke mkono katika maneno ya mtangazaji. Hesabu itolewe baada ya kazi kwisha, na itolewe kwa umma. Isiwe kibali cha kuombwa kwa waziri kabla ya kazi. Anayehesabu magunia ghalani hamfundishi mkulima kulima.

KIPIMO CHA SAA

Fedha ni upande mmoja. Upande wa pili ni saa. Mwezi Januari 2022, madereva walipogoma kwa sababu ya malipo ya kupimwa korona upande wa Uganda, malori yalipangana makumi ya kilomita kutoka Malaba. Wanachama wetu walilala chini ya matrela, wakapika kando ya barabara, maji yakawa ya kununua. Uganda ilikosa mafuta, bei ya petroli ikapanda. Lilikuwa jambo la nchi nzima. Mtu aliyekuwa katika foleni ile alitaka kusikia kitu kimoja redioni: kesho njia itafunguka au la?

Twataka ihesabiwe. Shirika la umma liandike saa lilizotoa kwa kila jambo kubwa la mwaka: ziara za wafalme, sherehe za taifa, mafuriko, migomo, bei za mazao, kufungwa kwa mipaka. Orodha hiyo ibandikwe mahali kila mtu aione. Hatudai dakika kwa dakika, mchukuzi sawa na mfalme. Twadai kipimo kijulikane, ili tukisema tumesahauliwa tuwe na takwimu mkononi, na kama hatukusahauliwa, basi tunyamaze.

MADAI YETU

Halmashauri yapendekeza tawi likubali mambo haya matano:

1. Katika siku 90 baada ya kila shughuli kubwa ya kitaifa au ziara ya kifalme, KBC itangaze gharama yake ya kuitangaza, kwa Kiswahili na Kiingereza, ikitenga watu, safari, mitambo na setilaiti.

2. Itaje fedha zilitoka mfuko gani, na kama kuna ofisi iliyolipa, jina la ofisi hiyo litajwe.

3. Saa za ziada na posho za wafanyakazi wa shughuli hiyo zilipwe kabla ya hesabu kufungwa. Hesabu isiyoonyesha malipo hayo isikubaliwe kuwa kamili.

4. Orodha ya saa za matangazo itolewe kila mwaka pamoja na hesabu za shirika.

5. Tawi letu liandike barua kwa KBC, kwa kufuata Sheria ya Kupata Habari, kuuliza gharama ya matangazo ya ziara ya tarehe 31 Oktoba mpaka 3 Novemba 2023.

Juu ya dai la tano, tunataka kila mwanachama ajue njia yake, maana ni njia ya kila raia wala si ya viongozi wa chama tu. Maombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Kuomba hakuna ada. Hulipwa gharama ya nakala tu. Ofisi yapaswa kujibu katika siku 21. Isipojibu, au ikikataa bila sababu ya haki, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Njia hiyohiyo mwaweza kuitumia kuuliza habari za soko, za barabara, na za hospitali. Mkijifunza kwa barua hii ya mfalme, mtaijua kwa mambo yenu yote.

NENO LA MWISHO

Anayedai hesabu lazima awe na hesabu. Kwa hiyo katika mkutano huohuo mweka hazina atasoma mapato na matumizi ya tawi, senti kwa senti, pamoja na bei ya karatasi na wino wa jarida hili mnalolisoma. Kila mwanachama aliyelipa ada yake aulize atakalo, na ajibiwe mbele ya watu wote.

Barua kwa KBC imekwisha andikwa rasimu. Itasomwa mkutanoni, irekebishwe, kisha itiwe sahihi na wanachama wanaotaka. Madereva mlio safarini, mwachieni mwenzenu neno lenu, au mlipitishe kwa mjumbe wa yadi. Akina mama wa soko la Busia, wabadilisha fedha, wapakiaji, vijana wa bodaboda na mawakala wa forodha, ninyi nyote mnakaribishwa, hata ambao bado hamjajiandikisha.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi, halmashauri ya tawi lenu.